Farasi Aliyejua Kupanda Tu

Walikuwapo Farasi na Punda, wakazi wa zizi moja, wakaambiwa watahamishwa kwa lori hadi malisho mapya. Punda alikuwa mwoga. Kila asubuhi alipanda ubao wa kuingilia lorini, kisha akashuka kinyumenyume.

Farasi akamcheka. "Wewe unapanda au unashuka?"

"Naogopa, ndugu yangu. Nazoea yote mawili."

Siku ya safari Farasi aliruka ndani mara moja. Lakini walipofika, mle lorini hamkuwa na nafasi ya kugeuka. Punda akashuka kinyumenyume. Farasi akarudisha mguu mmoja, asijue anakanyaga wapi, akashikwa na hofu, akarusha mateke. Nusura aanguke.

Punda akasimama kando ya ubao. "Nisikilize mimi. Mguu wa kulia. Chini kidogo. Hapo hapo. Sasa wa kushoto."

Farasi akafika chini salama, akailaza shingo yake mgongoni kwa Punda.

"Utawaambia wenzetu kwamba niliogopa?"

"Wakiuliza," Punda akasema, "nitawaambia tuliogopa sote, na sote tukashuka."