Aliyewekwa Kuitikia Hodi

Mji ule akili za watu zilikaa kwenye kumbukumbu ya nyumba, na mtu akishazikwa, nafasi yake hufutwa apewe anayezaliwa. Mwanakheri alimfuta mumewe, Shebwana, nafasi akapewa mjukuu wao mchanga. Alichosahau ni kwamba marehemu ndiye aliyewekwa kuitikia hodi, na agizo hilo, pamoja na sauti yake, halikufutwa. Na nyumba nayo, kwa utiifu wake wa kijinga, huita nafasi ile ile bila kuuliza nani kahamia.

Wifi yake, Tatu, akafika mlangoni. "Hodi!"

Mtoto, hata jino hana, akafumbua macho mapajani pa bibi yake. "Karibu," akasema kwa sauti nzito ya Shebwana. "Viatu huko huko nje."

Tatu, kwa mazoea, alikwishavua kimoja. "Wifi! Kaka alinisumbua na viatu akiwa hai, leo tena? Ifute hiyo hodi. Kila ikipigwa, inammega mtoto akili."

"Nitaifuta, wifi."

Tatu alipoondoka, Mwanakheri akamlaza mtoto, akatoka nje, akaurudisha mlango taratibu. Akavua viatu kabla hajaambiwa.

"Hodi," akanong'ona.