Mwenye Neno la Mvua

Erastus aliinua mkono kabla Daktari Kanze hajamaliza kuzungumza. Pascalia, mkewe, akaushusha. Yeye akauinua tena.

Ukumbi ule wa Kisauni ulijaa hadi mlangoni. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara na kuingia majumbani mwa watu, na sasa kila mtu alitaka kumsikia msomi wa fasihi aliyeonya mapema kwamba hali ya hewa inabadilika. Wahakiki, alisema Kanze, wamefundishwa kwamba mvua katika shairi si mvua: ni machozi, ni baraka, ni mapenzi. Kwa hiyo washairi wa pwani walipolalamika kwamba majira yameharibika, hakuna aliyewaamini.

"Mvua ya shairi nayo ni mvua," alisema. Watu wakapiga makofi.

"Sentensi yangu hiyo," Erastus alinong'ona.

Wivu ulikuwa umemla miaka mingi. Yeye alistaafu ualimu Changamwe bila hata kuagwa kwa chai. Kanze, mwanafunzi wake, akapanda ndege kwa sentensi ile moja, akarudi daktari, akaandika vitabu. Picha ya Kanze ikitoka gazetini, Erastus alimpelekea muuza samaki ukurasa ule afungie dagaa, lakini baada ya kuusoma wote.

"Una hakika ilitoka kwako?" Pascalia aliuliza.

"Ilitoka darasani kwangu. Naisikia mpaka leo."

Aliikumbuka siku ile yote: mvua ikipiga mabati, darasa likicheka, mlango ukifungwa kwa kishindo.

Kanze alimwona, akatabasamu. "Shikamoo, mwalimu. Karibu useme."

Erastus akasimama. Hakutaka pesa wala kiti cha mbele. Alitaka jina lake litajwe mbele ya watu, naye angali hai kulisikia.

"Daktari, sentensi hiyo ilisemwa darasani kwangu, mwaka wa themanini na mbili. Nawe ulikuwapo. Waambie watu hawa ilisemwa na nani."

Kanze akavua miwani, akaiweka mezani.

"Niliisema mimi, mwalimu," akajibu kwa upole. "Ukanitoa nje, nikahakikishe kama ni mvua kweli."