Vidole vya Dobi

Mashine ilikataa kidole gumba chake kwa mara ya saba.

“Jaribu kingine, mama,” nikasema, ingawa vyote kumi tulishavijaribu.

Niliugeuza mkono wake kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilicholika. Miaka ishirini na sita alikuwa dobi wa hospitali hii hii, akifua mashuka ya wodi zetu kwa mkono, na kila mwezi bima ilikatwa kwenye mshahara wake bila mtu kumwomba kidole.

“Mfumo unasema hujulikani.”

Utaratibu mpya ndio huo: bila alama ya kidole, hakuna daktari. Mimi hujaza fomu ya kukataliwa, mgonjwa akarudi nyumbani.

Alikohoa, akafuta mdomo kwa leso, kisha akauweka mkono wazi juu ya kaunta.

“Macho hayana pazia, mwanangu. Andika kwamba umeniangalia usoni na mimi sipo. Halafu utie sahihi, na jina lako lisomeke.”

Meneja akachungulia mlangoni mwa ofisi yake. “Mwambie apishe wengine.”

“Sisi wengine hatuna haraka,” akajibu fundi mmoja kwenye foleni, akaketi sakafuni.

Nikavuta fomu. Penye sababu ya kukataliwa nikaandika: *Hajakataliwa. Nimemwona.*

Nikatia sahihi. Jina langu nililiandika kwa herufi kubwa, lisomeke mpaka pale mlangoni aliposimama meneja.