Ombi la Nungunungu

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Hata Kanga aliapishwa, na ndiye aliyenipa habari yote.

Nungunungu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiomba mihogo. Hakumlazimisha mtu, na kila mtu alimpa. Nguchiro, mdadisi wa kuzaliwa, akaona hapa pana jambo. Akamwendea Panya Buku, aliyebakiwa na muhogo mmoja wa wanawe.

"Shoga, ile mingine ulimpa kwa kupenda?"

"Kwa hiari yangu," alijibu Panya.

"Na ungekataa?"

"Nikatae? Sijamwona bado aliyekataa."

Nguchiro akalipeleka neno barazani, pamoja na Panya na muhogo wake. Nungunungu akacheka. "Jamani, nimemshurutisha nani? Mimi naomba tu, tena kwa adabu."

"Basi babu," akasema Nguchiro, "omba hapa hapa tuone."

Nungunungu akamgeukia Panya. "Mama watoto, ukipenda, nigawie huo muhogo wako."

Panya akamtazama Nguchiro. "Leo sipendi, babu."

Pakasikika mchakacho. Mdomo wa Nungunungu ulikuwa bado unatabasamu, lakini mwenyewe kishampa Panya mgongo, na miiba yote imesimama mbele ya baraza zima.