Ngazi ya Nyuma

Sheria ya Uingereza ilitaka kila nyumba ya kale ikaliwe kwa desturi za enzi yake. Nyumba ya Edward na Mwanasaumu ilikuwa ya zama za Malkia Viktoria: ngazi pana ya mbele kwa wenye nyumba, ngazi nyembamba ya nyuma kwa watumishi, na mlango wa mbele wenyewe ndio ulioamua nani apite wapi. Edward alipita mbele. Mkewe Mwanasaumu, mzaliwa wa Pangani, alipita nyuma.

“Ni nyumba tu, mke wangu,” Edward alizoea kusema.

Watoto walipita popote mpaka watimize miaka saba. Siku binti yao Leila alipotimiza, Mwanasaumu alisimama jikoni roho juu, akiusikiliza mlango wa mbele. Haukufunguka. Kisha vishindo vidogo vikasikika kwenye ngazi ya nyuma.

“Mama, mlango umeniambia nipite huku.”