Beji ya Nyamizi

Siku hizi leseni ya muuguzi ni beji ya shingoni yenye taa ya kijani, nayo inasikiliza. Kuivua ni kosa, hata ukiwa jikoni kwako unasonga ugali. Ukitamka lisilo kwenye mwongozo, taa inazimika na kazi imekwenda na maji.

Kabula alimletea dada yake Nyamizi chupa ya dawa. "Dada, hii waliyompa mwanangu ni salama kweli?"

Wodini, Nyamizi alikuwa ameona watoto watatu wakivimba midomo kwa dawa hiyohiyo.

"Fuata maelekezo uliyopewa, mdogo wangu," alijibu kwa upole, huku akiimimina yote kwenye majivu ya jikoni.

Kabula akamshika mkono. Taa ilibaki kijani.

Jumatatu Nyamizi alikabidhiwa beji mpya. Hii ilikuwa na jicho.