Nyaya Mbili za Manjano

Hemedi hakuwa na desturi ya kuosha gari lake, ila kwa kuwa mkewe alikaribia kujifungua, asubuhi ile alilimwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni mpaka chini ya zulia. Mwanamume akianza usafi ghafla, jueni balaa liko njiani.

Balaa likawakuta uchungu ulipoanza, katikati ya mlima, barabara tupu, hospitali ikionekana juu kwa mbali. Injini inanguruma, gia haiingii. Hemedi akafunua zulia, akakuta kisanduku cha kompyuta ya gia kinaogelea. Kwa papara akavuta soketi, nyaya mbili zikachomoka. Zote za manjano. Na matundu yake mawili yamefanana kama macho.

"Siti, nikikosea kinaungua, hatutoki hapa."

Kwenye kiti cha nyuma, mkewe Mwanasiti aliuma ncha ya kanga mpaka uchungu ukapita. "Umekausha?"

"Kwa shati langu."

"Basi chagua, bwana. Mbona mimi ulinichagua kwa kubahatisha? Tulisimama mapacha mlangoni, ukanyoosha kidole tu."

Hemedi alitaka kucheka, akajikuta analia. "Na kama nilikosea?"

"Hayo tutaongea baadaye. Huyu wa tumboni hangoji."

Akachomeka nyaya. Akasema bismillahi, akawasha, akavuta gia. Gari likashtuka mara moja, kama mtu aliyeitwa usingizini, likaanza kupanda. Mkono wa Mwanasiti ukamshika bega kutoka nyuma, ukabana, haukuachia.